Mwaka Umeandikwa Mwisho

Bibi yangu alivuka Ruvuma usiku, mama yangu akiwa mgongoni, msimu wa kwanza wa korosho baada ya vita kuanza Msumbiji. Habari hiyo nimeisikia tangu sijajua kusoma. Nimeisikia akipepeta mchele, nimeisikia akisubiri zamu yake zahanati, nimeisikia umeme ukikatika na sisi tukiwa hatuna la kufanya ila kumsikiliza. Kwa hiyo siku kompyuta iliponijibu kwamba hakuna mtu hata mmoja aliyevuka mto ule wakati wa vita, nilijua mmoja wao amekosea, na sikudhani ni Bibi.

Nilikuwa nimejitolea kwenye mradi mdogo wa kukusanya masimulizi ya wazee wa vijiji vya mdomo wa Ruvuma: Msimbati, Kilambo, Mahurunga, Kitaya. Tulikwenda na simu za kurekodia na madaftari. Jioni tulirudi Mtwara mjini na kuingiza kila simulizi kwenye kanzidata, mstari mmoja kwa kila tukio: nani amesimulia, kijiji gani, nini kilitokea, lini. Pembeni tuliingiza pia matukio yanayojulikana vitabuni, ili simulizi la mzee lipate kukaa jirani na historia inayofundishwa shuleni. Mwisho wa kazi ungetoka mkusanyo mdogo wa kusomwa na wanafunzi, sura kwa sura kufuata vipindi.

Sura ya vita nilipewa mimi. Mipaka yake haina ubishi. Vita vya FRELIMO dhidi ya Wareno vilianza tarehe 25 Septemba 1964 kwa shambulio la Chai, katika jimbo la Cabo Delgado, ng'ambo ya mto wetu. Uhuru wa Msumbiji ulitangazwa tarehe 25 Juni 1975. Kati ya siku hizo mbili maelfu ya watu walivuka kuja upande huu. Wapo waliofikia kwa ndugu, kwa kuwa Wamakonde wako kingo zote mbili, na wapo waliopelekwa kwenye makazi ya wakimbizi kama Rutamba, mkoani Lindi. Mtwara mjini FRELIMO walikuwa na hospitali yao ya kutibu majeruhi. Nikaandika swali rahisi: nionyeshe kila mstari ambao tarehe yake iko kati ya '25/09/1964' na '25/06/1975'.

Jibu likaja haraka: mistari 0.

Halikuwa kosa. Kosa lina adabu yake: linatoa maneno mekundu, linakwambia umesahau mabano au umekosea jina la safu. Hili lilikuwa jibu kamili, limehesabiwa sawasawa, kama karani aliyekwenda stoo, akafungua kila kabati, akarudi na kusema hakuna. Nilipowaambia wenzangu, mmoja akasema labda wazee hawapendi kuzungumzia vita, tuiunganishe sura hiyo na ya mbele. Alisema kwa nia njema. Lakini masimulizi ya vita niliyasikia kwa masikio yangu. La Bibi nililirekodi mwenyewe, barazani kwake Kilambo, simu nikiwa nimeiegemeza kwenye kinu.

Nikaacha kuuliza kuhusu vita. Nikaiambia kanzidata inipangie matukio ya vitabuni tu, ya kwanza hadi ya mwisho, kwa kufuata tarehe. Hivi ndivyo ilivyoyapanga baadhi yao:

01/07/1890 – Uingereza na Ujerumani zatia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar
09/12/1961 – Uhuru wa Tanganyika
10/04/1916 – Wareno waingia Kionga
15/04/1952 – Kimbunga chapiga pwani ya Lindi na Mtwara
24/03/1866 – Livingstone ashuka Mikindani
30/12/1886 – Ujerumani na Ureno zakubaliana kuwa Ruvuma ni mpaka

Nilicheka kwanza. Tanganyika imepata uhuru halafu Wareno wanapigana na Wajerumani kugombea kipande chetu cha pwani. Kimbunga kimeng'oa minazi, kisha miaka inarudi nyuma, na Livingstone anatia nanga Mikindani na ngamia wake na nyati wake. Mpaka unachorwa mwisho kabisa, baada ya kila kitu ambacho mpaka huo ulikisababisha. Kisha nikaitazama tena orodha na kuona kwamba ina mpangilio mzuri sana: 01, 09, 10, 15, 24, 30. Mashine ilikuwa imepanga siku za mwezi. Mwaka haikuuangalia.

Kanzidata inaweza kuhifadhi tarehe kama tarehe, yaani kitu inachojua kuwa kina mwaka, mwezi na siku. Inaweza pia kuihifadhi kama maandishi, kama inavyohifadhi jina la mtu. Sisi tulitumia SQLite, ambayo haina hata aina ya pekee ya data kwa ajili ya tarehe. Ukiipa '25/09/1964' inapokea alama kumi mfululizo na kuziweka kama zilivyo. Na maandishi hulinganishwa kama maneno ya kamusi. 'Baba' hutangulia 'babu' kwa sababu herufi tatu za mwanzo zimelingana, na ya nne, a, iko mbele ya u. Basi lipange '25/09/1964' chini ya '25/06/1975'. Mbili kwa mbili, sawa. Tano kwa tano, sawa. Kijistari cha mshazari, sawa. Sifuri kwa sifuri, sawa. Halafu 9 kwa 6. Sita ni ndogo, shauri limekwisha. Mashine haikufika kwenye mwaka, kwa sababu sisi wenyewe tuliuandika mwaka mwisho.

Kwa hesabu hiyo uhuru wa Msumbiji ulikuja kabla ya risasi ya kwanza. Nilikuwa nimeiuliza ni nini kilitokea baada ya mwanzo na kabla ya mwisho, wakati mwanzo, kwa macho yake, uko nyuma ya mwisho. Hakuna kitu kinachoweza kukaa katika nafasi kama hiyo, awe Bibi au mtu mwingine yeyote. Hata ningeingiza masimulizi elfu moja, jibu lingekuwa lilelile: 0.

Ni makosa ya kawaida, na aliyewahi kuandika programu huenda ameshayafanya. Kwetu yaliuma zaidi kwa sababu ya bahati moja ya ajabu. Mto huu na tarehe ishirini na tano wana jambo lao. Nilipochuja siku hiyo peke yake, nilipata hivi:

25/04/1974 – Mapinduzi ya wanajeshi mjini Lisbon
25/04/2019 – Kimbunga Kenneth chafika Cabo Delgado
25/06/1962 – FRELIMO yaundwa Dar es Salaam
25/06/1975 – Uhuru wa Msumbiji
25/09/1964 – Vita vya ukombozi vyaanza Chai
25/11/1917 – Von Lettow-Vorbeck avuka Ruvuma na kuwapiga Wareno Ngomano
25/11/1918 – Von Lettow-Vorbeck asalimisha silaha Abercorn

Tarehe zote ni za kweli, na mpangilio wote ni wa uongo. Mtu asiyeijua historia ya kusini angeisoma orodha hii na kupata hadithi inayoshikana kabisa: utawala wa Ureno unapinduliwa kwao Lisbon, chama cha ukombozi kinaundwa, uhuru unapatikana, kisha vita vinazuka, na mwishowe Mjerumani anavuka mto na mwaka mmoja baadaye anajisalimisha. Ina mwanzo, kati na mwisho. Hilo lilinitia wasiwasi kuliko ile sifuri. Sifuri ilinishtua kwa sababu nilikuwa na bibi. Orodha hii ingemshtua nani, kama msomaji wake ni mtoto wa kidato cha pili aliyeanza jana kusikia jina la Ngomano?

Kuna sababu inayotufanya tuandike siku kwanza. Wareno waliandika siku, mwezi, mwaka. Wajerumani vilevile, na Waingereza vilevile, na shule zetu zimerithi. Ubaoni, juu kulia, mwalimu huanza na siku, kwa kuwa siku ndiyo iliyobadilika tangu jana. Mwaka kila mtu anaujua. Kwa watu walio ndani ya wakati mmoja mpangilio huo una akili. Anayesoma barua ya wiki iliyopita anahitaji siku. Anayeitazama pwani hii kwa miaka mia na hamsini anahitaji mwaka kwanza, kisha mwezi, na siku ikipatikana.

Na mwaka wenyewe una maswali yake. Livingstone aliandika Machi 1866 alipotia mguu Mikindani, lakini mfanyabiashara wa Mikindani aliyeandika hati ya deni siku hiyohiyo angeandika mfunguo pili, mwaka 1282 wa Hijra. Ukiweka hati hizo mbili kwenye safu moja bila maelezo, watu wawili waliopishana ufukweni asubuhi ile wanatengana kwa karibu miaka mia sita. Kwenye madaftari yetu kulikuwa pia na miaka ya tarakimu mbili. '19' ni 1919, Mkataba wa Versailles ulipowapa Wareno Kionga, au ni 2019, watu wa Mtwara walipohamishwa majumbani kwa hofu ya Kenneth? Kwa mdomo tunaelewana, kwa sababu tunaonana. Mzee akisema 'mwaka wa hamsini na mbili', umri wake unamalizia sentensi. Maandishi hayana uso.

Kionga yenyewe ndiko alikotoka Bibi. Ni pembe ndogo ya ardhi kusini ya mdomo wa Ruvuma. Ilikuwa ndani ya dola la Wajerumani tangu 1894 hadi Wareno walipoichukua 1916, kwa hiyo mtu angeweza kuzaliwa chini ya bendera moja na kuolewa chini ya nyingine bila kuhama kitongoji. Watu wa pembe hiyo hawakuwahi kuwa na sababu kubwa ya kuziheshimu tarehe za wakubwa. Walihesabu kwa kusi na kaskazi, kwa njaa, kwa kimbunga, kwa korosho.

Dawa ya tatizo letu ilichukua chini ya saa nzima. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601, kilichotolewa mara ya kwanza 1988, kinaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku: 1964-09-25. Tarehe ikiandikwa hivyo, mashine inayosoma kutoka kushoto inakutana na kikubwa kabla ya kidogo, na mpangilio wa kamusi unakuwa uleule wa kalenda, hata kama tarehe ni maandishi matupu. Nikaiambia ichukue alama nne za mwisho iziweke mbele, ichukue mwezi wa katikati, imalizie na siku. Kwanza ilinibidi kutafuta waliosahau sifuri. Aliyeandika '9/12/1961' badala ya '09/12/1961' alikuwa ameutoa uhuru wa Tanganyika mwanzo wa orodha na kuutupa mwisho, nyuma ya 30, kwa kuwa 9 ni kubwa kuliko 3. Nikasahihisha moja moja. Kisha nikauliza tena swali langu la vita.

Mistari ikaja, ikajaza kioo. Chini kidogo ya juu alikuwepo Bibi: 1964-11-01, Kilambo, alivuka mto na mtoto mgongoni.

Nilifurahi kwa dakika kama mbili. Kisha nikaiona ile 01. Bibi hakuwahi kusema tarehe mosi Novemba. Bibi alisema msimu wa korosho. Safu yetu ilidai siku, mwezi na mwaka, na mmoja wetu, labda mimi mwenyewe usiku nimechoka, akachagua mwezi wa katikati ya msimu na siku ya kwanza, ili fomu ikubali. Nikatafuta wengine. Kulikuwa na watu wengi mno waliozaliwa, kuoa, kuvuka na kufiwa tarehe mosi, na wengi zaidi tarehe mosi Januari. Kila mzee aliyesema 'mwaka fulani' tulimpa sikukuu ya mwaka mpya ambayo hakuiomba.

Nikajaribu kuwa mkweli: asiyejua siku aandikiwe mwezi, asiyejua mwezi aandikiwe mwaka tu. Hapo ndipo maandishi yana nafuu yake, kwa sababu yanakubali '1964' peke yake, wakati tarehe rasmi ingelazimisha siku. Lakini ukweli huo nao una gharama. Katika mpangilio wa kamusi, neno fupi hutangulia neno refu linaloanza nalo, kama 'korosho' inavyotangulia 'koroshoni'. Kwa hiyo '1964' hukaa mbele ya '1964-09-25', na kila mzee aliyesema tu kwamba alivuka mwaka wa sitini na nne alitolewa tena nje ya vita, akahesabiwa kuwa amekimbia kabla ya kuwepo cha kukimbia. Kutojua kwetu siku, mashine ilikuwa imekusoma kuwa ni mwanzo wa Januari.

Mwisho tulikubaliana kuwa na safu tatu mahali pa moja. Ya kwanza: si kabla ya siku gani. Ya pili: si baada ya siku gani. Ya tatu: maneno ya msimuliaji kama alivyoyatamka, bila kurekebishwa. Kwa Bibi ikawa 1964-10-01, 1964-12-31, na 'msimu wa kwanza wa korosho baada ya vita kuanza'. Nikabadilisha na swali. Sikuuliza tena ni nani tarehe yake iko kati ya hii na ile. Niliuliza ni nani ambaye muda wake unagusana na muda wa vita: mwanzo wake usiwe baada ya 1975-06-25, na mwisho wake usiwe kabla ya 1964-09-25. Aliyesema 1964 tu anaingia, kwa kuwa huenda alikuwa wa Oktoba. Msomaji ataona kwamba ni huenda, kwa sababu safu zote tatu ziko mbele yake. Sura ya vita ikabaki sura.

Wikiendi iliyofuata nilikwenda Kilambo. Nilikuta Bibi ametandika mkeka chini ya mkorosho, kinyume cha jua.

'Shikamoo, Bibi.'

'Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kunirekodi tena?'

Nikamwambia nimekuja kumsomea. Nikamsomea mstari wake kwenye simu, safu baada ya safu, nikimweleza ya kwanza ina maana gani na ya pili ina maana gani. Aliposikia Oktoba alitikisa kichwa kukubali. Aliposikia mwisho wa Desemba akanisimamisha.

'Desemba hapana. Korosho zangu nilikuwa naziokota bado. Nilizianika uani, gunia moja na nusu, hata dukani hazijaenda. Niliziacha palepale zilipo.' Akanyamaza kidogo, akatazama upande wa mto, ingawa kutoka pale hauonekani. 'Nani alizichukua zile?'

Miaka yote hiyo hakuwahi kuliuliza swali hilo mbele yangu, na mimi sikuwahi kujua kwamba kulikuwa na gunia. Nikamwuliza kama mvua zilikuwa zimeanza. Akasema hazijaanza, angeanikaje. Basi nikaifungua ile safu ya pili pale pale mkekani, nikafuta 1964-12-31, nikaandika 1964-11-30. Kwenye ya tatu nikaongeza: 'korosho zikiwa zimeanikwa uani, gunia moja na nusu, mvua hazijaanza.'